Jinsi Nilivyoiondoa "Nguvu Iliyoisha" Darasani Kwangu

Katika kufundisha kani (msukumo au mvuto unaobadilisha mwendo wa kitu) na mwendo kwa wanafunzi wa darasa la sita, kilichonitaabisha zaidi si hesabu, bali ni jibu moja fupi nililolikuta madaftarini kila mwaka: mpira uliopigwa teke husimama kwa sababu nguvu yake imekwisha. Jibu hilo lina mantiki yake, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku tunaita nguvu kila kitu, kuanzia misuli ya mpigaji hadi umeme, na neno kani wengi wao walilijua kwa maana ya kushika kani tu, yaani ubishi.

Mara ya kwanza nilitumia dawati. Niliwaambia walisukume kuelekea ukutani, nalo likasimama papo hapo kila walipoacha, jambo ambalo lilizidi kuwathibitishia kwamba walikuwa sahihi tangu mwanzo. Kosa lilikuwa langu, maana nilichagua kitu chenye msuguano mkubwa mno, yaani kinachokwaruzana na sakafu kiasi cha kuzuiwa kisiendelee.

Wiki iliyofuata nilikuja na gololi na kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa kwa urefu, nikakiegemeza juu ya vitabu vitatu kiwe mteremko. Niliwaonya wasiisukume gololi bali waiachie tu kutoka kwenye alama ileile ya wino, kwa sababu kasi ya kuanzia ikitofautiana, umbali hauwezi kulinganishwa. Hata hivyo mmoja aliisindikiza kwa kidole, ikatubidi tufute vipimo vyote vya kundi lake. Juu ya gunia gololi haikufika hata nusu mita. Juu ya sakafu ya saruji ilipita mita 2. Mwishowe tuliomba ruhusa ya kuingia ofisi ya mwalimu mkuu, yenye vigae, na huko ilikatiza chumba chote ikapotelea chini ya kabati la mafaili, tukaitoa kwa rula.

Nikawauliza: ikiwa mteremko ni uleule na gololi ni ileile, mbona nguvu "iliisha" upesi kwenye gunia? Kikapita kimya, kisha msichana aliyekuwa bado amepiga magoti kando ya kabati akasema, "Mwalimu, haikuisha. Gunia liliizuia."

Hapo ndipo nilipoandika ubaoni neno msuguano, na baada yake kanuni ya kwanza ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea kwa kasi ileile na katika mstari ulionyooka mpaka kani ya nje ikibadilishe. Miaka yote nilikuwa nikianza na kanuni hiyo, wakaikariri bila kuiamini.

Katika jaribio la mwisho wa mwezi, wachache bado waliandika kuwa mpira uliofika katikati ya uwanja unasukumwa na kani ya teke. Hao niliwaita wakati wa mapumziko, nikawapa mpira wenyewe, nikawataka wanionyeshe ni wakati gani mguu uliachana nao.