Tyubu moja nyumba nzima

Hii stori nilitaka kuiandika tangu mwezi wa tano ila nikawa naona aibu, maana mimi ndio mkosaji mwanzo mwisho. Sasa juzi kuna mama kwenye grupu la wazazi wa darasani kauliza jamani nani anajua dawa ya mapunye, mtoto kaota kichwani, yakaja majibu kama kumi na moja hivi na karibu yote yanataja ile ile tyubu. Ile ile niliyokua nayo mimi. Nikasema ngoja niseme tu.

Tyubu yenyewe mnaijua, sitaji jina maana zipo nyingi na zote ni ukoo mmoja. Ukifika duka la dawa ukasema mtoto anawashwa, hujamaliza kuongea ishawekwa kaunta. Ndani yake wamechanganya vitu vitatu, dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na hiyo steroidi mara nyingi ni betamethasoni ambayo ni kali, sio ya kuchezea kwenye ngozi ya mtoto. Mimi hayo nilikua sijui. Kwangu ilikaa juu ya friji karibu miaka miwili, ikiisha nanunua nyingine. Mtoto katoka harara kwa hili joto la Mbagala, tyubu. Dada kaumwa na mbu, tyubu. Mama mkwe akija na fangasi zake za miguu hata salamu haijapoa utasikia "mwanangu niletee ile dawa yenu nzuri."

Sasa mwezi wa pili mwanangu wa darasa la pili alitoka kunyolewa, baada ya kama wiki mbili naona juu ya sikio kuna duara, nywele zimekatika zimebaki vidoti vyeusi na unga unga mweupe. Mapunye hayo, wala hayahitaji mtaalamu. Nikapaka tyubu asubuhi na jioni. Muwasho ukatulia, magamba yakapungua, nikajiona nimemaliza kazi. Alafu duara moja likawa mawili, mawili yakawa matano, na moja la kisogoni likavimba likawa linabonyea kama embe lililopitiliza kuiva, usaha unatoka, mtoto analalia ubavu tu. Bibi yake kashatwanga kitunguu saumu yuko tayari kukisugulia, mjomba anasema hilo jipu lipasuliwe. Na mimi katikati hapo na tyubu yangu.

Tukaenda kliniki ya ngozi. Dokta akamwangalia kichwa akauliza, "Mama Hamisi, umempaka nini?" Nikaitoa kwenye mkoba kwa kujiamini kabisa. Akaigeuza akanipa, akasema nisome kwa sauti yale maandishi madogo. Nikasoma, ulimi unagongana.

Alichonieleza ni hiki na naomba mkielewe kama nilivyokielewa mimi. Fangasi wa mapunye hakai juu juu, anaingia ndani ya unywele wenyewe mpaka kule chini unapoota. Krimu haifiki huko hata ukipaka ndoo. Ndio maana mapunye dawa yake ni ya kumeza. Na ile steroidi kazi yake ni kutuliza mwili usipigane, kwahiyo muwasho unaisha, wewe unafurahi, kumbe umemnyamazisha mbwa na mwizi bado yuko ndani anajipakulia. Na likiwa ni mashilingi, yale maduara ya fangasi ya mwilini, ukiyapaka hiyo kitu muda mrefu yanapoteza hata ile sura ya duara, akija daktari anaona doa lisiloeleweka.

Ule uvimbe wa kisogoni akasema marufuku kupasua. Sio jipu, ni mwili umewakia fangasi, na unanywea kwa dawa hiyo hiyo ya kumeza. Ukipasua unaweza kubaki na kovu ambalo nywele hazioti tena maisha. Mjomba nilimpigia simu hapo hapo nje ya kliniki.

Akampima uzito kwanza, maana dozi inaenda na kilo, akampa griseofulvini kila siku, wiki sita mpaka nane. Na hii sehemu watu wengi hawaambiwi, dawa ile inaingia mwilini vizuri ikiliwa na kitu chenye mafuta. Sio uji mtupu. Kwahiyo tulikua tunampa na chai ya maziwa na chapati, siku mkono mtupu anatafuna karanga. Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, hiyo haimponyi yeye ila inapunguza mbegu za fangasi zisihamie kwa wenzake. Shule anaenda kama kawaida ilimradi kashaanza dawa, ila kofia yake ni yake, chanuo lake, taulo lake, mto wake. Na watoto wote wa nyumbani wakaguliwe vichwa, tukakuta na binamu yake anayo mawili amefunikiwa na nywele wala hajui.

Niseme ukweli, wiki ya tatu nilitaka kuacha. Nywele zimeanza kuchomoza, baba yake anasema si kashapona huyu, na mtoto mwenyewe kashachoka vidonge. Nilikua nishaiweka dawa juu ya kabati. Kilichonirudisha ni uoga tu wa kwenda kusomeshwa tena maandishi madogo.

Upele nao, ule wa vijidudu vinavyoingia kwenye ngozi, tuliupitia, huo nitaueleza haraka. Binti yangu wa kidato cha pili alirudi likizo kutoka bweni anajikuna usiku mpaka kitanda kinalia, vipele katikati ya vidole, viwikoni, kiunoni. Mnajua nilichompaka. Akalala vizuri siku tatu, na wale wadudu wakazaana kwa amani, wiki chache baadae na dada wa kazi anajikuna, na mimi, na kitinda mimba. Upele mtu akiambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne mpaka sita ndio aanze kuwashwa, kwahiyo yule unaemwona mzima ndani huenda tayari anao. Ndio maana wanatibiwa watu wote wa nyumba siku moja, anaejikuna na asiejikuna, sisi tulikua saba. Tulipewa ile dawa ya upele ya kupaka inayoitwa BBE, unapaka kuanzia shingoni mpaka nyayo, chini ya kucha, sehemu za siri, usiruke. Inachoma jamani! Kwa watoto walituambia tuichanganye na maji nusu kwa nusu, na yule mchanga wa miezi nane akapewa krimu ya permethrini badala yake, yeye mpaka kichwani. Mashuka na nguo tukafua kwa maji ya moto na kuanika juani, zile zisizofulika tukafungia kwenye mfuko siku nne, yule mdudu akikosa mwili wa mtu hafiki mbali. Baada ya wiki tukarudia kupaka. Na muwasho unaweza kuendelea wiki mbili tatu hata kama wadudu wamekufa wote, msipaniki mkaanza kupaka kila siku, mtachubuka ngozi bure.

Ila kilichoniuma zaidi ni huyu huyu binti na uso wake. Ana miaka kumi na tano, chunusi zimeanza, wenzake bwenini wakamwambia kuna krimu inatakatisha. Kumbe alikua anaiiba juu ya friji. Wiki za kwanza kweli uso ukawa laini hadi mashangazi wanamsifia, alafu ikalipuka, vipele vidogo vidogo vya kufanana paji zima na kidevu, akiacha kupaka uso unawaka moto, akipaka unapoa, akawa mtumwa wake. Na kabla ya hapo alishapita kwenye dawa ya meno na limao. Limao ndio baya zaidi, ukitoka nalo juani linaunguza ngozi linaacha weusi wa miezi. Nilitaka kumgombeza nikakumbuka nani alieiweka pale.

Dokta alimwachisha, akampa benzoili peroksaidi, tabaka jembamba usiku, aanze siku moja moja kwa kuruka. Inababua rangi ya nguo, foronya yetu nzuri ya bluu sasa ina mabaka. Alimwambia mapema asitegemee kitu kabla ya wiki nane, na asikamue. Wiki nane kwa mtoto wa miaka kumi na tano ni sawa na mwaka, lakini kavumilia kuliko mimi.

Msinielewe vibaya, sisemi steroidi ni sumu. Kitinda mimba ana pumu ya ngozi, ile ya mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na dokta huyo huyo alimwandikia haidrokotisoni, ile nyepesi, siku chache tu ikimpanda. Siku zingine zote ni mafuta mazito ya mgando yasiyo na marashi, yanapakwa akitoka tu kuoga ngozi ikiwa bado mbichi, na sabuni kali hazimgusi. Ile inajulikana inatibu nini na kwa muda gani. Yangu ilikua inatibu kila mtu kwa muda wowote.

Na kwa wanaosema kliniki ya ngozi ni mbali, ulizieni hospitali ya wilaya, sehemu nyingine kuna maafisa tabibu waliosomea ngozi tu. Pale Moshi, hospitali ya KCMC, kuna chuo cha ngozi tangu 1992 na kinafundisha wataalamu mpaka wa nchi nyingine za Afrika, wetu na yeye alitokea huko.

Kinyozi hatuendi tena, tumenunua mashine yetu. Baba yake ndio ananyoa na hajui, Jumapili mtoto anatoka na kichwa kina matuta kama shamba la viazi. Kisogoni pale palipovimba nywele zimerudi kote isipokua kidoa kimoja saizi ya shilingi hamsini, tumeambiwa tusubiri kidogo. Tunarudi mwisho wa mwezi kuangaliwa.