Mbio zangu za kwanza za baiskeli: supu ya pweza, kusi na mgongo wa muuza samaki

Niseme mapema: nilimaliza wa 14. Tulianza 38, na anayetaka kucheka ahesabu kwanza wale tisa waliorudishwa mjini na pikapu ya waandaaji.

Baiskeli yangu ni mtumba wa gia. Niliichukua Dar kwa laki mbili na ushee, ikaja Mtwara ndani ya buti la basi, na konda akanitoza nauli kama ya mtu mzima. Nilipoishusha Magomeni, kijiwe kizima kikageuka makocha. Fundi mmoja akanishauri ning'oe breki ya mbele ipungue uzito. Uzito gani, na mimi nateremka kwenda Mikindani huku malori ya makaa ya mawe yanakuja bandarini? Breki nikaiacha. Mwingine akasema jaza upepo mpaka tairi ilie kama ngoma. Huyo nilimsikiliza, tyubu ikapasuka uani kabla ya mbio kufika, kishindo mpaka jirani akatoka na mwiko.

Lakini ushauri ulionimaliza ulitoka kwa mjomba. "Mpwa wangu, kile kilima cha Mikindani hakipandwi kwa chai ya rangi." Akanunua pweza Feri jioni ya kuamkia mbio, akachemsha supu, alfajiri akaipasha moto. Mabakuli mawili, pilipili ya kutosha, na mihogo juu yake. Kwetu huku mjomba hakataliwi. Nikanywa mpaka nikaona nyota, nikavaa helmeti ya bodaboda niliyoazimwa (bila helmeti hupangwi, na za baiskeli sikuzipata), nikaenda kujiandikisha.

Njia ilikuwa kutoka mjini, Mikindani, mpaka kwenye kiwanda cha saruji cha Dangote, kisha kugeuza kwa njia ileile. Waandaaji walisema kilomita 50. Simu ya mwenzangu ilisema 47. Miguu yangu inasema 80.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mtu wa pwani akisikia mwezi wa saba anajua kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inavuma, na mimi nimezaliwa pwani, ila siku ile nilijisahau. Tulipoachiwa tu, baiskeli ikawa inaruka. Nakanyaga kidogo, naenda sana. Nikawapita vijana wa jezi za kubana waliotoka Masasi, nikawapita na watu wazima, nikajiona Biniam Girmay, yule Mweritrea aliyechukua jezi ya kijani ya Tour de France 2024. Minazi ya Mikindani ikapita kama picha. Watoto wanapiga kelele, nami nawapungia mkono! Haikunijia hata mara moja kwamba anayenisukuma ni upepo, yuko mgongoni, na kwamba huko mbele nitageuza.

Kilima kikaanza, na pweza akaamka.

Kwanza alipiga hodi kwa cheuo. Nikasimama kwenye pedeli nimalize haraka, na palepale, huku nimekanyaga kwa nguvu zote, nikabadili gia. Usifanye hivyo. Gia inashushwa kabla ya mlima, mguu ukiwa mwepesi. Cheni ikachomoka, mguu ukazunguka hewani, kifua kikagonga usukani, na usukani ukasukuma tumbo. Yaliyotoka sitayaeleza. Nitasema tu kwamba mama mmoja aliyekuwa anauza ming'oko, vile viazi vya porini, kando ya barabara alihamisha ungo wake, akaniuliza, "Mwanangu, umelogwa?" Nikamjibu, "Hapana mama, ni mjomba." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kabisa. Akanipa maji ya kusukutua, nikarudisha cheni kwa mikono, grisi nikaifuta kwenye fulana nyeupe niliyoazima kwa kaka yangu. Hao wote niliokuwa nimewapita wakanipita mmojammoja. Wengine walinipungia mkono.

Ajabu ni kwamba baada ya hapo nilijisikia mwepesi. Tumbo tupu si baya, ila siku nyingine nitakula ndizi mbili na uji mwepesi saa mbili kabla ya mbio, basi.

Nikageuza kiwandani, na kusi ikanipokea usoni. Ilikuwa imekwenda saa tatu na nusu, na kadiri jua linavyopanda upepo huo unazidi. Nikabaki peke yangu barabarani, kichwa kwenye ile helmeti kinachemka kama sufuria, nakanyaga kwa nguvu zangu zote na mwendo ni wa mtu anayekwenda msibani. Mapaja yakaanza kukaza. Nikaanza kuitazama ile pikapu kwa jicho la huruma.

Ndipo akanipita mtu mmoja mnene kidogo, juu ya baiskeli ya Phoenix nyeusi yenye keria, haina gia hata moja. Nilimfahamu kwa sura: huchukua samaki Mikindani na kuwatembeza vijijini na tenga. Barabara ile yeye anaipita kila siku, na kila siku ana mzigo. Siku ile hakuwa na tenga, na nadhani kwake ilikuwa sikukuu.

"Shikamoo," nikasema, nikihema.

"Marahaba. Njoo nyuma yangu. Usiniguse gurudumu."

Nikasogea nyuma yake, wazi kama mkono mmoja. Upepo ukapungua kidogo tu. Akanitazama, akacheka: "Huko siko. Njoo kushoto." Kumbe tukirudi mjini kusi inapiga mbele kutokea kulia, kwa hiyo kivuli cha upepo kinaangukia nyuma kushoto, huku ukingoni mwa lami. Nilipohamia pale nilidhani upepo umekatika. Mgongo wake mpana ulikuwa nyumba! Akanirushia korosho za chumvi kutoka mfukoni, mapaja yakatulia taratibu, ingawa sijui ni korosho au ni ule mgongo. Niliangalia nyonga zake, siyo gurudumu lake. Ukikodolea gurudumu unajikuta umeligonga.

Tuliwapita watano hivi, wawili wao ni wa jezi za kubana, kila mmoja anapigana na upepo peke yake katikati ya barabara. Nilijaribu mara moja kutangulia nami nimpumzishe. Nilidumu kama dakika moja akaniambia, "Rudi, unanichelewesha."

Sasa aibu yangu. Mita mia za mwisho, naona utepe, naona mjomba amesimama na kibakuli mkononi (ndiyo, tena), nikachomoka kushoto nikampita yule bwana kwa nusu gurudumu. Watu wakashangilia. Yeye akashuka taratibu, akaegemeza Phoenix yake, akaniambia, "Dogo, nimekuleta mpaka nyumbani, umenipita mlangoni."

Nilimnunulia soda. Akanywa, akasema deni bado. Kwa hiyo kila Jumamosi alfajiri natangulia mimi kukata upepo, yeye nyuma kushoto na tenga lake. Nimemuuliza deni litaisha lini, akasema tusubiri kaskazi.