Treni ya mezani ilivyoacha kuanguka kwenye kona
Kila ikifika kwenye kona, treni yangu ya mezani iliacha njia. Nililaumu magurudumu, nikayasafisha bure. Mwishowe niliinama, jicho likawa usawa wa reli, nikaona: penye kiungo, reli zilifanya pembe badala ya kupinda. Nikazing'oa, nikaziunga kwa risasi ya mafundi redio zikiwa zimenyooka, ndipo nikazipinda. Tupa ndogo ikalainisha ukingo wa ndani. Haijaanguka tena.

Upana kati ya reli zake mbili ni milimita 16.5, yaani 1,435 za SGR, reli ya kisasa, ukigawanya kwa 87. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina 1,067, reli ya kati ya zamani 1,000. Ndiyo maana Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, kukajengwa kituo cha kuhamishia mizigo. Kazi mara mbili, kwa milimita 67!