Nyuma ya lango jekundu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumamosi iliyopita fundi aliyenichomelea geti alikuja kugonga, nami nikajikausha ndani kama sipo. Ananidai 180,000. Geti lenyewe refu, zuri, juu lina maua ya chuma. Aliyesimama nje humwoni hata utosi. Alipochoka kugonga akaondoka.

Jioni ileile binti yangu, anayejifunza Kichina chuoni, akatutafsiria shairi la Du Fu, mshairi wa Uchina ya kale, enzi ya wafalme wa Tang. Aliliandika mwaka 755, alipotoka mji mkuu wa Chang'an kwenda Fengxian kwa mkewe na watoto. Alfajiri, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, akapita chini ya mlima Li, mahali mfalme alipokuwa akistarehe kwenye chemchemi za maji moto. Humo ndani kuna ngoma na vinanda, makoti ya manyoya, supu ya kwato za ngamia, machungwa yamerundikwa. Ndipo unakuja ule mstari Wachina wanaoukariri mpaka leo: nyuma ya malango mekundu nyama na pombe vinanuka, barabarani imelala mifupa ya waliokufa kwa baridi.

Kule rangi nyekundu ya lango ilikuwa cheo. Mshairi akisema tu "lango jekundu", msomaji anajua hapo anakaa mkubwa. Nami nikamwona Lazaro papo hapo, amewekwa mlangoni pa yule tajiri wa zambarau na kitani safi. (Wakristo wa Kanisa la Mashariki, lile lililotoka Uajemi, walikuwa Chang'an tangu mwaka 635, ila sisemi kwamba Du Fu aliwahi kuwasikiliza.)

Hapo ningeweza kusema amina nikalala. Lakini shairi lina neno jingine kuhusu hariri wanayogawiwa wakubwa ikulu: imefumwa na wanawake wanaotetemeka kwa baridi, na waume zao walichapwa viboko ili itolewe. Bai Juyi, mshairi mwingine wa Tang aliyezaliwa baada ya Du Fu kufa, naye ana shairi la mzee muuza mkaa. Nguo yake nyembamba, lakini anaomba baridi izidi, asije akauza kwa hasara. Watumishi wa ikulu wanalichukua gari lote la mkaa, wanamfungia ng'ombe wake kipande cha hariri nyekundu kichwani, eti ndiyo bei. Hariri kichwani mwa ng'ombe, na mzee hana cha kula!

Jamani, Yakobo 5 tumezoea kuwasomea mafisadi. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Hasemi ujira wa kiasi gani. Basi tuulizane sisi kwa sisi. Mama anayekufulia umemwambia "njoo mwisho wa mwezi" mara ngapi? Zile sare za kwaya tulizong'aa nazo Pasaka, mshonaji alimaliziwa hela yake? Nimeuliza. Hajamaliziwa. Tulimwimbia Bwana ndani ya satini ya mtu aliyekopa uzi, na picha tukapiga. Mpendwa, kama unamdai Mungu baraka huku fundi anakudai wewe, sitisha maombi hayo kwanza, toka nje, ukamlipe. Utarudi kuomba, Mungu yupo. Wala usimpunguzie kwa kumwambia "mengine ni sadaka yako." Sadaka anatoa yeye, humtolei wewe.

Du Fu alipofika nyumbani alikuta kilio. Mwanawe mdogo alikuwa amekufa kwa njaa. Na kilichonishinda ni hiki: baada ya hayo yote anaandika kwamba yeye ana nafuu, halipi kodi wala hapelekwi vitani, kama yeye ameumia hivi, je, watu wa kawaida? Anajihesabu upande wa wenye nafuu, akiwa bado na matanga ndani.

Mimi sikuwa na msiba. Nilikuwa na geti.

Jumapili baada ya ibada nilimpigia fundi, hakupokea. Nikamtumia 180,000 na ya kutolea, halafu nikamwandikia ujumbe kwamba Jumamosi alipogonga nilikuwa ndani.