Nilivyoacha folda nikaanza kupanga kwa majina ya watu

Anayetaka kukusanya mambo mazuri ya mtandaoni asimsikilize mpwa wangu. Nalisema mapema kwa sababu kijana ananipenda, anasoma chuo, na kila ushauri alionipa kwa miaka miwili ulinila ama hela ama manila.

Nina duka la steshenari Ngamiani, hapa Tanga. Natoa kopi, naprinti, nabana ripoti, napiga picha za pasipoti, nauza kalamu ambazo nyingine hukauka kabla ya kupata mnunuzi. Kati ya mteja na mteja kuna kukaa kwingi, na muda huo mimi nasoma. Mpira nimewaachia wenyewe. Napenda zile habari ndogo za vitu tunavyovishika kila siku: kwa nini mlango fulani kila mtu anausukuma wakati unavutwa, nani alichora ramani fulani, mtoto anafanyaje mpaka jambo limkae kichwani. Nikikutana na kitu cha namna hiyo nilikuwa nakihifadhi. Nahifadhi, basi, imetoka.

Simu ilifika skrinishoti zaidi ya elfu mbili, zimechanganyika na risiti za LUKU na picha za harusi ya dada. Siku moja nilitaka kumwonyesha mteja kitu, nikapekua, nikapekua, kopi zake zikaisha, akalipa, akaaga. Bado napekua.

"Panga folda, mjomba," akasema mpwa. Nikapanga. Ubunifu, Teknolojia, Jamii, Elimu. Kwa siku tatu nilijiona waziri. Siku ya nne nikapata makala ya jiko la Kenya, lile la bati lililobanwa kiuno na kufinyangiwa udongo ndani, kwamba lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutokana na jiko la ndoo la Thailand. Haya, hilo linakwenda wapi? Umbo lake ni ubunifu, udongo unaotunza moto ni teknolojia, mama anayepunguza mkaa ni jamii. Nikaliweka kote kutatu, halafu nikafungua folda ya tano nikaiita Mchanganyiko. Baada ya mwezi Mchanganyiko ilikuwa imezimeza zote nne.

Akanihamishia kwenye programu moja ya kutunza makala usome baadaye. Nzuri kweli, nikajaza. Wenyewe wakaja kuifunga. Walituma barua pepe kwamba kila mtu ahamishe vitu vyake kabla ya tarehe fulani, mimi nikadhani tangazo.

Sasa sikiliza la kadi. Mpwa alisoma habari za Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyeandika mawazo yake kwenye kadi moja moja na kuzipa namba zinazoitana, 1, 1a, 1a1, mpaka akafikisha kadi kama 90,000 na kutoa vitabu kwa makumi. "Na wewe mjomba manila unayo bure."

Bure! Manila ni mtaji. Lakini wazo lilinikolea. Jumapili nikafunga duka, nikachukua manila za rangi nne, nikaziingiza kwenye mashine ya kukatia, nikatoa kadi kama mia tatu, zote sawasawa, kona zake ungeweza kuchomea mtu. Nikatafuta boksi la viatu vya mtoto, kadi zikaingia kama zimepimiwa. Wiki tatu nilikuwa naandika kadi upande mmoja kwa kalamu nyeusi, namba juu kulia kwa nyekundu. Kadi ya kwanza ilimhusu Luhmann mwenyewe, kwa heshima. Wateja wanasubiri, mimi najiuliza kama mlango unaodanganya ni 4b au 4c. Mke wangu alipita akaliangalia boksi, akanitazama, akasema, "Na mauzo nayo yana kadi?" Sikumjibu.

Siku hiyo nilikwenda benki. Kurudi, boksi tupu. Binti anayenisaidia dukani ananitolea noti kwa furaha. "Bosi, nimeuza zile kadi zako mbovu! Alikuja mwalimu wa chekechea anataka kadi za kuandikia herufi, nikamwambia hizi zimechafuka upande mmoja tu, akachukua zote." Elfu tatu, kama sikosei. Wiki tatu za maisha yangu na manila za rangi nne.

Sikumfokea. Kwanza alikuwa na haki, kadi zilizoandikwa upande mmoja kwa mfanyabiashara ni kadi zilizochafuka. Pili nilijisikia mwepesi, kama niliyetuliwa gunia.

Wiki iliyofuata nikaenda chekechea kudai hela ya mitihani niliyowaprintia. Nawakuta watoto wamekaa mkekani, mwalimu kainua K kubwa ya kijani, watoto wanaitikia "kaaa!", na mimi nyuma ya ile K nasoma mwandiko wangu mwenyewe. Mwalimu akaniona ninavyokodoa macho. Watoto walipotoka akaniuliza, "Kaka, haya maandishi ya nyuma ni nini? Hii ya K nimeisoma mara mbili."

Ilikuwa habari ya Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi maandishi, wengine wakayarudia kusoma, wengine wakafunika na kujaribu kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Wiki moja baadaye waliojijaribu ndio waliokuwa mbele, tena kwa mbali. Nikamweleza hivyo hivyo, nimesimama, mkono mmoja umeshika risiti. Kesho yake alianza kuwafunikia watoto kadi na kuwauliza kabla ya kuwaonyesha. Keshokutwa akaja dukani: "Huna nyingine kama ile?"

Nilikuwa nazo. Tatizo langu miaka yote niliuliza "hii ni ya folda gani?" wakati la kuuliza lilikuwa "hii ni ya nani?"

Tangu hapo nafanya hivi, na mpwa acheke tu. WhatsApp inakuruhusu kujitumia ujumbe mwenyewe. Nikipata kitu, najiandikia, na neno la kwanza kwa herufi kubwa ni mtu: SHANGAZI, MWALIMU, FUNDI (wa kuchomelea, jirani yangu wa mlango wa pili), SHEMEJI. Kisha sentensi mbili au tatu za Kiswahili changu. Sibandiki ya Kiingereza, maana nikishindwa kuisema mwenyewe ni kwamba sijaielewa, na nilikuwa nimehifadhi mengi sana ambayo sikuyaelewa. Nikikosa mtu wa kumpa, nafuta. Mwanzoni kufuta kuliniuma. Nilizaliwa na watu wanaotunza hata makopo ya Blue Band.

Alhamisi usiku namtumia kila mtu chake. Situpi kwenye grupu la familia. Nilishajaribu, linki yangu ikakaa kati ya michango ya msiba na maua ya "asubuhi njema", hakuna aliyeigusa. Na wengi wana bando la WhatsApp tu, ukiwatumia linki umewatumia mlango uliofungwa. Andika chenyewe, linki weka chini kwa mwenye bando lake. Ukituma sauti isizidi dakika moja na nusu. Ya shangazi ni lazima iwe sauti, kwa sababu miwani.

Shangazi ndiye aliyenitia adabu. Anauza nyanya na biringanya soko la Mgandini, na zikilala siku mbili ni hasara. Nikamtumia habari ya Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini ya Nigeria: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati yake mchanga uliolowa maji, juu tambara bichi. Biringanya zikakaa siku 27 badala ya 3, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex. Hakuna umeme, hakuna fundi. Nilivyoisimulia ile sauti, mimi mwenyewe nilitamani kununua vyungu.

Shangazi alivinunua asubuhi yake. Akajaza mchanga wa mto, akapanga nyanya moja moja, akafunika. Majirani wa meza wakaja kuangalia, akawatangazia kwamba ni maarifa ya mtoto wa kaka yake. Siku ya tano namwona anaingia dukani na chungu kichwani. Nina wateja wanne kwenye foleni. Akakitua juu ya kaunta, akafunua tambara.

"Mwanangu, hii friji yako inanuka."

Ukungu mweupe kila nyanya. Mteja mmoja aliziba pua kwa kitambulisho alichokuja kukitolea kopi.

Nikalipa nyanya, na usiku nikakaa kutafuta nilipokosea. Kumbe jibu lilikuwa limeanikwa kwenye kamba ya nguo uani kwangu. Chungu kile kinapoa kwa sababu maji ya mchangani yanageuka mvuke, na yakiondoka yanaondoka na joto. Hewa kavu inayanywa haraka. Kaskazini ya Nigeria hewa ni kavu. Sisi tuko ubavuni mwa bahari, hewa yetu imeshiba maji, msimu wa masika kanga inashinda kambani na jioni bado mbichi. Chungu cha shangazi hakikupoza kitu, kilitengeneza unyevu na kiza, ndivyo ukungu unavyopenda.

Nikamtumia habari hiyo hiyo binamu yangu wa Dodoma, safari hii nikianza na neno hewa. Nyanya zake zilikwenda wiki mbili na ushee, na mchicha anautoa asubuhi bado umesimama. Shangazi alipopata habari alisema kumbe tatizo ni Tanga, si mtoto wa kaka yake, amani ikarudi. Ila vyungu aliniachia, hataki kuviona. Sasa kila ujumbe wangu baada ya mtu naandika na mahali: kitu hiki kilifanya kazi wapi, kuna mvua, kuna umeme, watu wanalipana vipi. Nusu ya ajabu za mtandaoni zinakwama hapo.

Kinachonipa jina mtaani ni karatasi ya dirishani. Kitu kimoja cha wiki nakiprinti A4, maandishi makubwa, picha moja, nakibana kwa kibanio cha nguo pale watu wanaposubiria kopi. Gharama yake ni wino kidogo, sijawahi kupiga hesabu na naomba nisipige. Iliyovuma kuliko zote ni ramani ya treni za chini ya ardhi za London. Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme, mwaka 1931 aliinyoosha mistari yote ikawa ya wima, ya kulala au ya mshazari, akaacha vituo vikae kwa nafasi karibu sawa, alama ya nje akaubakisha mto Thames tu. Wakubwa wakaikataa. Mwaka 1933 wakaijaribu, abiria wakaipenda, na hadi leo ramani za treni duniani zinaiiga.

Mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya hati akaisoma yote, akatikisa kichwa. "Huyu mwongo. Umbali haulingani." Konda mmoja akamjibu, "Mzee, abiria haniulizi kilomita, ananiuliza anashukia wapi." Wakabishana mpaka kopi zikapoa. Fundi wa kuchomelea akasikia kelele, akaja, akachukua maka peni yangu bila kuomba, na nyuma ya karatasi iliyoharibika akachora daladala zetu kwa mtindo ule: Raskazone, Sahare, Pongwe, Amboni, zote zimenyooka kama nondo, Kange kaizungushia duara. Hiyo ilikaa dirishani miezi miwili. Watu wa kuja waliipiga picha. Mzee alirudi mara ya pili kuikosoa, nadhani ilimfurahisha.

Nimesahau kutaja kuhusu linki kufa. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani, uliotoka 2024, ulikuta kwamba kurasa 38 kati ya kila 100 zilizokuwepo 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Mimi niliyajua hayo kwa aibu, mwalimu aliponiomba chanzo cha jambo nililombandikia dirishani na ukurasa ukafunguka mweupe. Siku hizi kabla ya kumtumia mtu, anwani ya ukurasa naipeleka kwanza Internet Archive, ile maktaba ya San Francisco inayotunza kurasa tangu 1996. Unabandika anwani, wanakutunzia nakala, hawadai kitu. Fanya asubuhi kabla hujafungua duka, mchana mtandao unatambaa.

Vyungu vya shangazi nimeviweka pembeni ya printa, kikubwa natilia manila zilizokunjwa, kidogo natilia vibanio. Na juzi mpwa amenipigia. Anaandika utafiti wake wa chuo, linki zake za Luhmann hazifunguki, ananiuliza kwa sauti ya upole kama ile kadi yangu ya kwanza bado ninayo.

Nikamwambia aende chekechea, aulize herufi P.