Nilienda kununua mchicha, nikarudi na tuta zima

Basi bwana, jumamosi iliyopita nimeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mimi wikiendi sio mtu wa kuamka, nikashuka huku bondeni Goba kwa mama mmoja analima mboga. Nilishachoka na mchicha wa gengeni kwetu, ukiufuata jioni umeshanyauka, muuzaji anaunyunyizia maji kila saa kama anabatiza, fungu mia tano na nusu yake mashina.

Nikamwamkia, nikaomba mafungu matatu. Akacheka. "Mwanangu, hapa hatuuzi fungu, hapa ni tuta." Kumbe wale kina mama wa mabeseni wanaopita mtaani asubuhi wananunua tuta zima, wanang'oa wenyewe, wanafunga wenyewe, faida yao iko kwenye unene wa fungu. Sasa mimi, mke na mtoto mmoja, tuta la nini? Ila nishaamka, nikasema poa.

Nikaonyesha la karibu na kisima, limestawi balaa. Akakataa. "Hilo nimepiga dawa juzi, mpaka wiki ijayo." Hapo nikakaa kimya. Miaka yote nanunua mboga Dar sijawahi kuambiwa dawa imepigwa lini, na wa gengeni hata akitaka hawezi, kauziwa na mtu aliyeuziwa na mtu. Nikauliza na maji, manake habari za mboga za kando ya Mto Msimbazi tunazijua, watafiti walishapima wakakuta mpaka risasi kwenye majani (sio ya bunduki jamani, yale madini). Akavuta ndoo kisimani nione. Meupe, japo najua macho hayapimi madini.

Elfu saba, tuta la pili yake. Kung'oa ndo kazi sasa, mchicha unautoa na mzizi wake, unakung'uta udongo, unausuuza kwenye dumu lililokatwa katikati, unapanga mizizi upande mmoja. Mimi nilikuwa nakatia njiani, mizizi inabaki ardhini, mpaka mjukuu wake wa kama miaka tisa akanionea huruma akamalizia.

Mnaodhani hivi ni kubana matumizi, boda ya kurudi na kiroba buku tatu, pigeni hesabu wenyewe. Na masika msiende kulalamika bei, bonde likijaa maji matuta yanaondoka na mbegu zake.

Nyumbani wife kaangalia kiroba, kaniangalia mimi. "Huu wote wa nani?" Tukagawa kwa majirani, tukala wa nazi, tukala wa karanga, jumatatu mtoto akafunua sufuria akaifunika tena taratibu.

Jana mama kanitumia meseji, matembele tayari. Nimemjibu nakuja, ila safari hii naenda na jirani wa geti la bluu, tuta tunagawana nusu kwa nusu na kung'oa ang'oe yeye.