Probus wa Ticinum: ile I ya mwisho imesomeka!

Jamani imesomeka! Ni sarafu ya I ya karakana ya sita, kwahiyo seti yangu ya sarafu za Kirumi, EQVITI, imetimia na sina kazi nyingine leo zaidi ya kuziangalia tu.

Kwa ambao Probus sio kaizari wao (kaizari wa Roma, alitawala 276 mpaka 282): kiwanda cha sarafu cha Ticinum, Pavia ya sasa kule Italia, kilikua na karakana sita, na kuna toleo ambalo kila karakana iligonga na herufi yake, ya kwanza E, ya pili Q, hivyo hivyo mpaka ya sita, ukizipanga unapata EQVITI, yaani Equitius, jina lake jingine. Ikikosekana moja huna kitu. Sasa I ziko mbili, ya nne na ya sita, na hapo ndo nilipoteseka. Inabidi usome namba ya karakana kule chini kabisa, ni Q (hapa ni quarta, yaani ya nne, sio ile herufi ya karakana ya pili) au VI (sita), na yangu iligongwa kombo, nusu ya namba imekatika, mtu aliyechorwa upande wa nyuma wa sarafu amelika hata humjui ni nani, halafu uchafu wa kijani umeganda juu yake.

Kuna waliosema tia siki. Siki kweli? Hii ni shaba, ile XXI inayofuata namba ya karakana wengi wanaisoma sehemu 20 za shaba kwa 1 ya fedha, na weupe unaouona juu ni kangozi kembamba tu ka fedha, siki au limau ikipita kanakwenda zake. Mimi ni maji yasiyo na madini, nabadilisha, naloweka tena, halafu mwiba wa waridi taratibu. Brashi ya waya isikaribie meza yangu. Na lenzi ya bei mbaya niliyoagiza haifui dafu kwa tochi ya simu, ilaze tu pembeni ya sarafu mwanga upite juujuu.

Jana usiku nikazima taa, nikalaza tochi, vichwa vya herufi vikatoa vivuli. Q ingekua na mviringo juu, hapa nikaona ncha mbili zimeachana halafu kijiti kimesimama peke yake. Nikahamisha tochi upande wa pili isije ikawa mkwaruzo, ncha ziko palepale. VI hiyo!

Mpango ulikua nihamie sarafu za kiwanda cha Lugdunum (Lyon ya sasa), na orodha nilishaandika, lakini nikiwa OCRE, orodha ya mtandaoni ya sarafu za Kirumi, nalinganisha picha (ya bure, na kwa kazi hii naipenda kuliko kile kitabu cha RIC cha 1933, orodha ya sarafu hizo kwenye karatasi) nikakutana na Probus mwenye kofia ya vita, miale juu yake, mkuki begani na ngao, na mwingine kavaa joho la konsuli kashika fimbo yenye tai. Basi herufi zimenitoka kichwani, sasa nataka vifua, yaani picha tofauti tofauti za kaizari kuanzia kifuani. Lugdunum itasubiri, yule wa mkuki kuna mnada unafungwa Alhamisi na dau nimeshaweka.